Tumbo la Mnara

Niliitwa mimi kwa sababu nina nyundo ya kilo saba
na sina chama.
Laki mbili na nusu, akasema mtendaji,
nusu kabla, nusu baada,
na uchafu utausomba mwenyewe.

Askari alisimama njia panda ya Igalula
tangu babu yangu hajajua kuhesabu ng'ombe:
saruji tupu, bunduki mkononi.
Mwalimu Mihayo alileta dira ya shule akapima.
Vita ilitokea magharibi, akasema,
na mtutu unatazama sokoni.
Sasa huyu alikuwa anamlinda nani,
na anamlinda na nani?

Mkutano ulikaa siku mbili.
Mwenye duka la simu alitaka abaki:
wageni huja kumpiga picha, hununua soda.
Wangapi? Watatu. Lini? Mwaka juzi.
Vijana wa bodaboda wakauliza,
akiondoka, abiria atasema nimshushe wapi?
Wengine walipiga kelele tu, jua lilikuwa kali.

Kisha Bi Nyamizi Luhende akasimama, pochi kwapani.
Babu wa mama yangu alibeba gurudumu la mzinga
toka hapa mpaka Mahenge,
akarudi bega moja liko chini ya jingine.
Kwenye kibao kile kuna watu sita wenye majina.
Chini yao imeandikwa: *na wapagazi*.
*Na*. Herufi mbili, kijiji kizima.
Mkimvunja huyo, ile *na* mtaiweka wapi?

Katibu alipiga mstari kwenye daftari, akageuza ukurasa.

Arobaini na mmoja, avunjwe. Thelathini na wanane, abaki.
Fundi cherehani mmoja alinyoosha mkono mara zote mbili,
akasema ndivyo anavyofikiri.

Jumatano, treni ya Kigoma haijapita, nilianza.
Askari alianguka kwa mapigo manne.
Nilikuwa nimejiandaa kwa zaidi.
Kichwa kilikuwa wazi ndani kama mtungi,
nyigu wamejenga humo.

Kitako ndicho kilichonitoa jasho.
Chini ya lipu, mawe.
Si ya mtoni, si ya kuchongwa.
La kwanza nililigeuza: lina bonde katikati,
laini, kina cha kiganja.
La pili vilevile.
La tatu nikakaa chini.

Mawe ya kusagia.
Nilihesabu mpaka sitini na tatu, nikaacha.

Kwa hiyo mtu alipita mlango kwa mlango, mwaka ule,
akiyakusanya.
Wanaume walikuwa wameshachukuliwa na mizigo,
yakafuata mawe, yakawe ukumbusho wao.
Na mtama ule wa mwaka ule,
ulisagwa na nini?

Wanawake hawakuitwa. Walikuja.
Waliinama, wakaingiza mikono kwenye yale mabonde
kama mtu anayejaribu kiatu.
Bi Nyamizi alijaribu saba.
La nane akanyamaza nalo.
Ndilo? nikamuuliza.
Nitajuaje, akasema. Lakini nalichukua.
Akalifunga kwa khanga, mgongoni,
akavuka reli.

Mtendaji alikuja mbio na faili:
muhtasari hausemi mawe ni mali ya nani!
Nikamkumbusha, ulisema uchafu ni wangu.

Askari sasa amelala kifudifudi ua wa ofisi ya kata,
kando ya greda bovu. Kuku anatagia kwapani mwake.
Nusu yangu ya pili sijalipwa.
Abiria bado wanasema, nishushe Askarini,
na wanashushwa palepale, penye shimo.

Kibao nilikikata kwa msumeno wa chuma.
Majina sita nimeyapeleka ofisini, nikasaini.
Ile *na* ninayo mimi,
kwenye mfuko wa spana,
inagonga gonga nikitembea.
Sijui nimpe nani.